Jikoni, Saa Tatu, Jumanne

Unaniuliza, Lorelei, mbona hapa ofisini
wiki huanzia jikoni.
Vua koti kwanza. Januari ya Saskatoon
haimjui mgeni wala mwenyeji.
Kaa, birika li karibu kuchemka.

Miaka kumi na mmoja nimeshika hesabu za kanisa hili.
Najua bei ya mishumaa, najua deni la paa,
najua nani hutoa kwa hundi na nani kwa sarafu.
Nisichokijua ni kwamba Orville,
anayesukuma theluji mlangoni tangu saa kumi alfajiri,
hajaonja likizo tangu arusi ya binti yake.
Binti huyo sasa anapeleka mtoto shule.

"Kazi ya Bwana haina likizo," alisema mchungaji wa zamani,
nasi tukaitikia kwa vichwa,
kana kwamba Bwana mwenyewe
hakuwahi kulalia mto chomboni, dhoruba ikichafuka.

Hatukugombana. Laiti tungegombana!
Tulitabasamu.
Tuliandikiana "amani iwe nawe"
chini ya barua zenye meno.
Milango tuliifunga polepole, polepole mno,
hata korido ikajifunza kunong'ona.
Umbeya nao ukavaa joho: "Tumwombee Hedwig,"
na kila mtu akalijua kosa la Hedwig
kabla Hedwig hajajua kuwa anaombewa.

Siku ya nne ya Desemba aliacha funguo mezani.
Kumi na saba.
Hakuna hata mmoja wenye alama;
alama zilikuwa kichwani mwake,
na kichwa kilikwisha panda basi.

Jumapili ile tanuri lilizimika,
na chumba cha tanuri kimefungwa.
Tulisali ndani ya makoti,
pumzi zetu zikipaa kama uvumba wa maskini.
Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Sisi tulificha baridi.

Machi akaja Aganetha Wiebe, mchungaji mpya.
Nilingoja mkakati. Nilingoja semina.
Akamwuliza Orville, "Siku yako ya kupumzika ni ipi?"
Orville akatazama viatu vyake, akasema, "Sijui."
Alhamisi akashika koleo yeye mwenyewe.
Njia aliyoichimba ilipinda
kama mstari wa mtoto anayeanza kuandika,
na sote tukapita humo humo, tukipinda.

Jumanne ya kwanza, hapo ulipoketi, alisema:
"Wiki iliyopita nilimkatiza Darrell mara tatu.
Nimehesabu. Darrell, samahani."
Basi.
Darrell akakikodolea macho kikombe chake
kama aliyeona kitu kinaogelea ndani.
Mwezi mzima ukapita
kabla mwingine wetu hajathubutu kufungua kinywa.
Nilikuwa mimi. Sikuambii nilisema nini.

Tulikwenda kwa Hedwig, mimi na Aganetha.
Hatukubeba keki.
Anafanya kazi maktaba ya mtaa, amenenepa kidogo, anacheka.
Akaniangalia mimi, si yeye.
"Mlijua," akasema.
Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapiga pasi tangu asubuhi.
Nikasema, "Tulijua."
Hakurudi kazini. Sikumlaumu.
Ila alichukua kalamu
akaandika funguo kumi na sita, mmoja mmoja.
Wa kumi na saba, alisema, hata yeye hakuwahi kuujua.

Usidhani tumepona.
Juzi tu nimefunga mlango polepole,
nikausikia,
nikarudi kuufungua, uso umeniwaka.
La Darrell, mwambie Darrell.
Langu, niambie mimi, hata likiwa chungu,
hata nikinuna hadi saa sita. Nitanuna. Nitapita.

Huu hapa ufunguo wako.
Ule usio na jina unaning'inia pale kwenye msumari;
kila mgeni huujaribu kwenye milango yote,
nawe jaribu.
Sukari iko kabati la juu.
Alhamisi Orville hayupo,
na wiki hii ni zamu yako:
koleo liko nyuma ya mlango.